Mama wa Vifungo na Swali la Thelathini na Moja

Ukiniona nimetulia, alikuwa akisema, ujue habari bado haijanifikia. Kwa miaka sita niliyokwenda dukani kwake na madodoso yangu sikumkuta ametulia hata siku moja.

Kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali. Chuo kimoja kilikuwa na mradi wa utafiti, kikitaka kujua wenye biashara ndogo wa Kariakoo wanaziendeshaje biashara zao: wanapangaje bidhaa, nani anaamua nini, wakiumwa wanamwachia nani duka. Mimi nilikuwa mtafiti msaidizi wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Nilipewa orodha ya maduka, na kila mwaka baada ya masika niliyarudia yaleyale, kwa watu walewale, na maswali yaleyale. Lake lilikuwa fremu nyembamba kwenye uchochoro nyuma ya Msimbazi, chini ya nyumba ya zamani yenye ngazi za mbao. Aliuza vifungo, zipu, lesi na nyuzi kwa mafundi cherehani. Kila mtu alimwita Mama wa Vifungo, nami nitamwita hivyo. Majina yake mengine yalikuwa ya kanisani na ya nyumbani kwao Kilimanjaro, na si yangu kuyagawa.

Siku ya kwanza alidhani mimi ni mtu wa mapato. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na kitambulisho shingoni, kosa langu. Kila nilichouliza alijibu "kidogo kidogo tu." Wateja? Kidogo kidogo tu. Mzigo? Kidogo kidogo tu, na nyuma yake masanduku yamepanda mpaka darini. Nikamuuliza ana watoto wangapi, akajibu "kidogo kidogo tu," kisha akajisikia mwenyewe, akaangua kicheko hadi akashika meza.

"Aika, mpe huyu kijana soda," alimwambia binti yake. "Ana maswali huyu!"

Tangu siku hiyo jina langu pale dukani likawa Maswali.

Aika alikuwa rika langu. Alianza kukaa dukani mara tu alipomaliza chuo, na nilipomjua alikuwa ameshakuwa mkono wa kulia wa mama yake, ingawa mama mwenyewe asingekuambia hivyo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mafundi walipomtania alitabasamu huku akiendelea kupima lesi kwenye rula ya mbao iliyopigiliwa mezani.

Kitu ambacho Mama aliogopa kuliko vyote ni moto. Nyaya za nyumba ile zilikuwa zimeungwa na kila mpangaji kwa namna yake, na yeye alizitazama kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua. Jioni alizima swichi kubwa kwa mkono wake, akashusha mlango wa chuma, akafunga kufuli mbili, kisha akasogeza pua kwenye upenyo wa mlango akanusa. Baada ya hapo tu, siku nilizomalizia kazi mtaani kwake, ndipo tulipoongozana kwenda Gerezani kupanda basi la mwendokasi, yeye akienda Kimara, mimi nikishukia Magomeni. Mara nyingi tulikuwa tumeshafika nusu ya njia anaposimama.

"Maswali, hebu nisubiri hapa."

Anarudi kunusa. Kuna siku alirudi mara tatu, na mara ya tatu kweli akasikia harufu, akapiga kelele mpaka wabeba mizigo wakaja mbio. Ilikuwa mishkaki ya jirani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini tulipopanda basi aliniuliza mara mbili kama kweli nilimwona akizima swichi. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe sitoki nyumbani bila kugusa mfuko mara tatu kuhakikisha kitambulisho kipo, na nikishafika kazini naanza kuhofia kama nilifunga mlango. Tulikuwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja, na nadhani ndiyo maana alinipenda.

Dukani kwake neno "hatuna" lilikuwa marufuku. Fundi akiulizia kifungo ambacho hakipo aliambiwa, "Kaa, baba, kinakuja," akaketishwa juu ya furushi la lesi, na Mama mwenyewe akachomoka mlango wa nyuma kwenda kukitafuta kwa wapinzani wake. Alikimbia kwa kandambili, kitenge amekikamata mkononi, akihofia fundi ataondoka kabla hajarudi. Mara moja alikuja mshonaji wa magauni ya harusi, anahitaji kifungo kimoja cha lulu kukamilisha mgongo wa gauni, na bibi harusi anavaa saa nane. Mama akazunguka mtaa mzima, akarudi mikono mitupu, jasho linamtiririka. Akasimama akimtazama yule mshonaji. Kisha akachukua mkasi, akakata kifungo cha shingoni kwenye blauzi yake mwenyewe.

"Kinafanana," alisema. "Kitie chini kabisa, atakikalia."

Alishinda siku hiyo amejifunga mtandio shingoni katika joto lile, akimuuliza Aika kila baada ya muda kama kweli vilifanana. Kesho yake alinipigia simu mimi, mtu wa Magomeni, kuniuliza kama nimesikia lolote kuhusu harusi hiyo.

Lazima niuseme na ukuta, maana nao nilikuja kuukosea. Masanduku yake hayakuwa na maandishi. Kila sanduku lilishonewa kifungo kimoja kwa mbele, basi, lakini ukitazama ukuta hukuona mpango wowote: chekundu karibu na cheusi, kikubwa juu ya kidogo. Dodoso liliuliza kama biashara ina mfumo wa kupanga bidhaa. Nikaweka tiki kwenye "Hapana", mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu nilikuwa nimekaa pale nikingoja, nikamwona Aika anavuta masanduku manne kutoka mahali pamoja, yote ya fundi mmoja wa sare za shule, ndipo macho yakanifumbuka. Ukuta ulipangwa kwa watu. Kila fundi alikuwa na safu yake: wa kanzu pale chini, wa harusi katikati, wa makoti pembeni karibu na mlango. Fundi akifariki, safu yake iliachwa vilevile mpaka mwanafunzi wake ajitokeze na kusema yeye ndiye anayeshika cherehani sasa. Ukuta ule walioujua ni watu wawili tu duniani. Umeme ulipokatika, Aika alikuwa akitoa sanduku gizani bila kupapasa.

Kichwani kwa Mama kulikuwa na vitu viwili visivyopatana, na kila siku alivibeba vyote. Kwenye kikundi chao cha akina mama alikuwa mkali: mtoto wa kike awe na chake, asiombe mtu. Niliwahi kumsikia akimwambia hivyo muuza lesi mwenzake mpaka yule akainamisha kichwa. Lakini zipu za aina mpya zikiletwa, alimwambia Aika, "Mpigie picha kaka yako aone." Huyo kaka alikuwa daktari wa meno Dodoma. Aliijibu picha ya zipu baada ya siku tatu, kwa alama ya kidole gumba. Hapo Mama ndipo aliponunua, ingawa zipu zenyewe Aika alikuwa ameshazichagua na kuzikataa nyingine, na daktari wa watu nadhani hakuwahi hata kuikuza ile picha. Ukutani, juu ya meza, ilining'inia picha ya daktari akiwa amevaa joho. Ya Aika haikuwepo.

Sasa nifike kwenye swali la thelathini na moja. Liliandikwa hivi: Wewe usipokuwepo, biashara hii ataiendesha nani?

"Ruka hilo," alisema mwaka wa kwanza.

Mwaka wa pili aliniuliza kama namwombea kifo. Mwaka wa tatu alianza kuhesabu zipu kwa sauti mpaka nikafunika kalamu. Sikumlazimisha, ila kila nilipolisoma swali lile nilimwona Aika nyuma yake anasimama. Kama alikuwa ameshika sanduku, sanduku lilibaki hewani. Alikuwa anangoja jibu kuliko mimi, kuliko chuo, kuliko mradi wote. Mama akisema "ruka", Aika alilirudisha sanduku mahali pake taratibu na kuendelea na kazi. Nililiona hilo mara tatu. Siwezi kusema sikujua.

Madodoso ya karatasi yanavumilia. Ukiacha nafasi wazi, inabaki wazi. Mwaka wa nne tulipewa vishikwambi, na ndani yake maswali yote yalikuwa na nyota nyekundu. Usipojaza moja, hukuruhusiwa kwenda la pili, na dodoso lisilokamilika halikutumwa. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya kutuma. Mkuu wa mradi alikuwa ameshatuambia kwamba wasaidizi watakaoacha maduka nje hawataitwa mwaka unaofuata, nami nilikuwa nimeacha maduka mawili. Mama alisema, "Ruka hilo, Maswali, jamani, kila mwaka," akaondoka kwenda kumtafutia mtu kifungo.

Nilikaa juu ya furushi la lesi na kile kishikwambi mapajani. Orodha ya majibu ilikuwa mbele yangu: mwenza, mtoto wa kiume, mtoto wa kike, ndugu, kuuza, kufunga. Nikainua macho nikaiona picha ya joho. Nikagusa "mtoto wa kiume". Kikafunguka kisanduku kingine chenye nyota, kinataka maelezo kwa maneno ya mmiliki mwenyewe. Nikaandika: "Binti ananisaidia tu kwa muda. Duka ni la kaka yake." Nikatuma. Watu wa kazi yetu hilo tunaliita kupika data, na tunacheka tukisema hivyo. Nilirudi nyumbani nikalala vizuri, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Miezi michache baadaye chuo kiliwaita wafanyabiashara kwenye mkutano wa mrejesho, ukumbini karibu na Mnazi Mmoja, chai na vitumbua, kila mtu akapewa kitabu kidogo cha matokeo. Mama hakuweza kuacha duka, akamtuma Aika. Mimi nilikuwa mlangoni nagawa vitabu. Nilimpa cha kwake kwa mkono wangu. Hata sikuwa nimekisoma.

Wakati wa chai nilimwona amekaa peke yake na kitabu kimefunguliwa magotini. Nikasogea kumsalimia, nikaona ukurasa. Maneno yangu yalikuwa pale kwa wino wa buluu, ndani ya alama za kunukuu, na chini yake: mmiliki mwanamke, vifungo na zipu, Kariakoo. Hawakuandika jina, wakaona wameficha. Vifungo na zipu, Kariakoo nzima, mama mwenye binti na mtoto wa kiume! Hata mpita njia angemtaja.

"Mambo, Aika," nilisema.

"Poa," alijibu. Akafunga kitabu, akakitia kwenye mkoba, akaondoka kabla ya hotuba ya pili.

Nilipaswa kumkimbilia pale pale. Nikarudi mlangoni kwenye vitabu vyangu. Nilijiambia nitakwenda kesho, na kesho nikajiambia Jumatatu. Kabla mwezi haujaisha nikasikia Aika amechukua fremu Gerezani, anauza spea za cherehani.

Mwaka wa tano niliingia dukani. Mama alikuwa peke yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Maswali. Karibu. Usikae hapo, kuna pini."

Basi. Hakusema neno juu ya kitabu, hakusema neno juu ya Aika. Alijibu maswali yangu akiwa anatafuta kitu ukutani, anavuta sanduku, analirudisha, anavuta lingine. Alikuwa ameajiri msichana, msichana akabandika karatasi za rangi, na mafundi wakaanza kulalamika kwamba hawajui tena safu zao ziko wapi. Fundi mmoja wa makoti aliulizia kifungo cha pembe, na mimi nikamsikia Mama kwa masikio yangu.

"Hatuna, baba. Jaribu kule mbele."

Tulipofika swali la thelathini na moja nililiruka mwenyewe bila kumsomea. Aliniangalia kwa muda mrefu, sikujua anaangalia nini. Nilipotoka nilimwandikia mkuu wa mradi kukiri kwamba jibu la mwaka uliopita nililitunga. Alinishukuru kwa uaminifu wangu na mwaka wa sita akanipunguzia maduka. Kitabu kilibaki kama kilivyo. Nilikuwa nimekiri kwa mtu ambaye jambo lenyewe halikumuuma.

Mara ya mwisho nilikwenda bila kishikwambi. Mradi ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nimesikia kwamba mwenye nyumba anabomoa ili apandishe ghorofa, wapangaji wote watoke ifikapo mwisho wa mwezi, na kwamba kuna mfanyabiashara kutoka Zambia anataka kubeba vifungo vyote kwa mpigo. Nilimkuta Mama asubuhi, ameketi katikati ya duka, masanduku yako sakafuni kumzunguka. Nikasema kabla hajanikaribisha, maana nilijua nikikaa nitanyamaza.

"Mama, yale maneno ya kwenye kitabu hukuyasema wewe. Niliyaandika mimi."

"Najua," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi pia. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Nitashindwaje kujua nilichosema na nisichosema?" akaendelea. "Aika alirudi na kile kitabu, akanisomea pale ulipokaa. Akaniuliza, 'Mama, ulisema hivi?' Nikamwambia, 'Ndiyo, nilisema.'"

"Kwa nini, Mama?"

Alichukua kifuniko cha sanduku, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Ningesema sikusema, angeniuliza, haya, basi ni la nani? Na shemeji zangu wamenisubiri miaka yote nitamke, waniambie mali ya marehemu ndugu yao naipeleka kwenye ukoo atakakoolewa binti. Niliogopa swali la pili. Nikajibu la kwanza kwa uongo." Akafuta uso kwa upande wa khanga. "Huyo wa Zambia anakuja Alhamisi. Maswali, nenda Gerezani. Mwambie Aika ulipika. Mwambie mama yake hakusema. Mwambie ni lake, lote, tangu zamani."

Nilisimama. Nilitamani sana kwenda. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno kichwani, na yalikuwa mazuri. Kisha nikaogopa, na kwa mara moja hofu yangu ilinifaa.

"Hapana, Mama," nilisema. "Nilishakusemea mara moja."

Nje watu wa mikokoteni walikuwa wakipiga kelele wapishwe. Kisha akainuka akiegemea goti, akamwambia yule msichana asiuze kitu chochote mpaka arudi, na akatoka mlango wa mbele. Nilimfuata. Alikwenda mbio na kandambili zake, na njia nzima aliongea peke yake, akijaribu sentensi moja kwa namna tofauti.

Fremu ya Aika ilikuwa ndogo, inanukia mafuta ya mashine. Alikuwa anamfungia mteja mkanda wa cherehani. Alituona, akamaliza kufunga, akamrudishia mteja chenji, akasubiri mpaka atoke.

"Shikamoo, Mama."

Mama hakuitikia. Sentensi zote za njiani zilikuwa zimempotea.

"Sikusema," alisema. "Uliponiuliza nilikudanganya. Sikuwahi kusema wala kwa huyu wala kwa mtu yeyote. Duka ni lako, Aika. Nimewapigia baba zako wadogo? Bado. Nitawapigia hapa hapa unasikia. Naogopa, lakini nitapiga."

Aika alinigeukia. "Kwa hiyo nani aliandika?"

"Mimi," nilisema. "Nilitunga. Nilitaka kutuma dodoso."

Hakupiga kelele. Ningependelea apige. Alishika ukingo wa meza, na nikaona machozi yanamshuka bila yeye kuyafuta.

"Sirudi kule, Mama," alisema hatimaye. "Hapa ndipo kwangu. Lakini vifungo usiviuze. Vitakuja huku, na wewe uje navyo unipangie, maana mafundi wananiuliza kila siku." Akavuta kiti kutoka nyuma ya meza. "Kaa kwanza. Umekimbia."

Mama akakaa. Aika akanitazama tena.

"Wewe ondoka. Na usije tena hapa."

Nilimwangalia Mama. Alikuwa amefungua mdomo, nami nilimjua vya kutosha kujua ni nini kilikuwa kinakuja: neno la kupoza, soda, kicheko kidogo, mtoto wa watu huyu jamani. Kisha akaufunga. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa binti yake, macho yake kwangu, na hakunitetea.

Niliondoka.